Matofali ya Mkoboaji

"Toa hayo matofali yako jikoni kwangu, mimi..."

"Yanawaka, hayawaki? Nijibu hilo kwanza, halafu..."

"Yanawaka, na mama yako anakohoa mpaka..."

"Mama alikuwa anakohoa kabla mimi sijazaliwa."

Hapo mkoboaji na mkewe wakasikia zipu ya begi chumbani. Mama alikuwa anafungasha. Alisema, bila hasira, kwamba anahamia kwa binti yake. Kifua chake kimeshindwa na moshi wa nyumba hii.

Mkoboaji hakuwahi kuishi mbali na mama yake. Na yeye alijiona mvumbuzi! Kwenye mashine yake ya kukoboa, pumba za mpunga zilijaa mlima mzima. Mtaani mifuko ya plastiki ilizagaa. Basi akayeyusha mifuko, akachanganya na pumba, akapata matofali magumu yanayoshika moto upesi. Alitembea kifua mbele.

Kelele zilimleta jirani, dada anayelisha moto kwenye tanuri la kiwanda cha saruji. Alinusa mlangoni, akauliza nani anapika ndoo.

"Shemeji, si nyinyi mnachoma plastiki na pumba?" mkoboaji akajitetea. "Ulinieleza mwenyewe."

"Tunachoma. Tanuri letu lina joto kali ajabu, limefungwa, na moshi wake unachujwa. Jiko lako lina nini? Lina mama yako ameliinamia. Plastiki kwenye moto mdogo inatoa sumu, shemeji. Huioni, lakini unaivuta."

Mkoboaji akatazama chini. Akauliza afanye nini.

Jirani akamwelekeza taratibu. Pumba azichome nje, ndani ya pipa lenye hewa kidogo, ziwe nyeusi zisifike kuwa majivu. Azitwange, azichanganye na uji mwepesi wa unga wa muhogo, uji ndio gundi. Ashindilie kwenye kipande cha bomba, aanike juani. Hata huo mkaa aupikie mlango ukiwa wazi. Pumba hazitaisha, kila mavuno zinarudi. Plastiki aikusanye iende tanurini.

Mama akakubali kusubiri, eti mpaka nguo zake zikauke. Jua lilikuwa kali, lakini nguo zile hazikukauka wiki nzima.

Matofali mapya yalichelewa kushika, yakadumu. Sufuria hazikuwa na masizi mengi. Kikohozi kikapungua. Mama akawa anakaa mlangoni akichambua plastiki: mifuko gunia hili, chupa gunia lile, mabomba na viatu pembeni, maana tanuri linavikataa.

Jirani alipokuja kuchukua magunia, mkoboaji akajikaza.

"Mama, nguo zimekauka. Unakwenda, au unakaa?"

Mama akamgeukia jirani.

"Mwanangu, huko tanurini, plastiki anachambua nani? Niombee kazi."