Mchoro Niliouficha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi Jerotich huwakatia nyasi ng'ombe wetu watatu hapa Subukia. Mashine ya kukatia nyasi ina visu viwili vinavyozunguka kwa kasi, na ukizubaa huvuta nyasi pamoja na vidole. Ndiyo maana nilibuni kinga: kasha refu la mbao, limefunikwa juu, la kupitishia nyasi bila mkono kufikia visu. Nilichora mchoro wake daftarini kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya kaunti, nikaapa hakuna atakayeuona mpaka siku hiyo. Zawadi niliitaka peke yangu.

Jumanne, wakati wa mapumziko, nikamkuta Muturi, jirani yetu, amefungua daftari langu ananakili mchoro. Sikumuuliza kitu. Nina hasira za karibu, jamani! Nilimpiga ngumi ya mdomo akaanguka kati ya madawati. Karatasi hakuiachilia, kwa hiyo nikamkanyaga kifundo cha mkono hadi akafumbua vidole, kisha nikaichana vipande vipande.

"Ni ya mamangu," alisema huku akitema damu. "Namtengenezea kinga."

Nikamwongeza teke la mbavu. Mwalimu Makhanu alinivuta kwa ukosi wa shati, akaniamuru nirudi na mzazi.

Alhamisi jioni nilisikia ukemi ng'ambo ya ua. Nilipofika kwao Muturi, mashine ilikuwa imemshika mamake, Wachuka, kwa mkono wa sweta, na inaendelea kumvuta. Muturi alikuwa amemkumbatia kiunoni akimrudisha nyuma. Nilikimbilia swichi nikaizima, lakini nilikuwa nimechelewa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatwa, na nyasi zote zilikuwa nyekundu. Muturi aliniona, akaokota jiwe, akanipasua kipaji cha uso. Sikujikinga. Nilistahili.

Wachuka alipotoka hospitalini, nilimpelekea kasha nililoligongomea mwenyewe, nikamwomba msamaha nikilia. Kisha tukaliweka kasha kwenye mashine ikiwa imezimwa, naye akaingiza mkono wa kushoto, ule usioumia. Ncha za vidole zikagusa kisu.

"Ulipima kwa mkono wa nani?" akaniuliza.

"Wangu, Mama Muturi."

"Wako ni wa mtoto. Hata hili lingenikata."

Kumbe nilikuwa nimepigana na kumwaga damu ya mtu kwa ajili ya kitu kibovu!

Nilimpa Mwalimu Makhanu daftari langu, akaupiga picha mchoro akautuma kwenye kundi la simu la wafugaji. Masahihisho yalimiminika. Kigen wa Mau Narok alisema kasha liongezwe urefu wa futi nzima. Jaspreet, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Nakuru, alisema mbao zitapasuka. Akaunda la bati nene, akatuma picha na vipimo vyake ili yeyote aige. Roho iliniuma, lakini walisema kweli. Kufikia siku ya maonyesho, nyumba kumi na moja za bonde letu zilikuwa na kinga hiyo, na ya kwanza ilikuwa kwa Wachuka.

Tulipomaliza kuifunga, Wachuka alituita mimi na Muturi, akaukunjua mkono wake wa kulia mbele yetu.

"Ungetuonyesha mapema, tungeona kosa lako mapema," akaniambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa, Jerotich. Mimi nimebaki na viwili hapa, najua ninachokwambia."