Mwenye Nyumba ya Miyuji

Jioni ile nilitumwa ubani tu. Ubani wa shilingi mia tano, niufikishe kwa Sheikh Mrisho kabla ya Magharibi.

Ilikuwa mwaka 2008. Wanafunzi kumi na tisa wa chuo chetu pale Dodoma walikuwa wameliwa pesa zao. Walicheza poka ya mtandaoni kwenye intaneti kafe ya mjomba wangu, Swalihu. Hawakuwa na kadi za benki, kwa hiyo walimkabidhi mjomba pesa taslimu, naye akawawekea mchezoni kwa kadi yake. Siku moja akatangaza kwamba mchezo umefungwa, Wazungu wamekimbia na kila kitu.

Ada za watu, jamani!

Mimi ndiye niliyepiga meza kantini. "Tusomeshe Halbadiri! Aliyekula, awe Ulaya awe Chang'ombe, kisomo kimfuate!"

"Mimi Mlutheri," Ambokile akadakia, "lakini pesa zangu hazina dini. Twende."

Sheikh Mrisho aliupokea ubani, akatutazama mmoja mmoja. "Kwanza kila mtu aape kwamba hajala hata senti ya pesa hizi. Halbadiri haina mjomba."

Niliapa wa kwanza. Kwa sauti ya mdahalo.

Sasa niseme nililolificha. Miezi miwili kabla, mjomba aliniletea karatasi za nyumba mpya, Miyuji. "Saini hapa, mwanangu. Nakuwekea akiba." Jina langu lilikuwa limeshaandikwa. Mimi husoma hata nyuma ya tiketi ya basi. Karatasi zile nilizisoma zote. Niliiona tarehe ya mauzo. Wiki ileile wenzangu walikuwa wameanza kuambiwa pesa zao zimekwama.

Nikasaini. Tukahamia sote, mimi nikachagua chumba cha mbele.

Kisomo kilipokwisha nilirudi Miyuji kwa miguu, upepo ukinijaza vumbi machoni. Ndani ya nyumba, Mama Shamimu, mke wa mjomba, alikuwa akimwimbia mwanawe.

Karibu na geti... harufu ya ubani.

Kisha sauti. Frrrp... frrrp... Karata zikichanganywa, taratibu.

Mtu alisimama getini, amenipa mgongo. Kanzu yake nyeupe haikuwa na vumbi hata chembe. Katika upepo ule!

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," nikanong'ona.

"Namtafuta mwenye nyumba."

Nikaonyesha mlango kwa kidole.

"Ni... Mjomba Swalihu. Yumo ndani."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa. Karata zikanyamaza. Geti halikufunguka, lakini hakuwapo tena.

Ndani, wimbo ukakatika.

Yowe.

Nilimkuta mjomba sakafuni, tumbo limevimba hadi vifungo vya shati vimeruka. Hospitali walisema ni ini. Labda. Macho yake yalikuwa ya manjano tangu Ramadhani, ni kweli.

Siku ya tatu, kabla hajakata kauli, alinishika mkono.

"Alikuja mtu, Nasma. Nikamwambia nyumba si yangu."

"Pumzika, mjomba."

"Akaniambia... mwenye nyumba ndiye aliyenitaja mimi."

Tukazika. Ambokile alibeba jeneza, akanipa pole, akanichangia hadi nauli yake ya basi, kutoka mfuko ule ule mjomba aliouacha mtupu. Nikaipokea. Hakuna aliyerudishiwa pesa zake. Hati ya nyumba iko chini ya godoro langu. Nikiiuza niwalipe, Mama Shamimu atamlaza wapi mtoto? Hiyo ndiyo hoja yangu. Kila usiku naitetea, na kila usiku nashindwa, na asubuhi hati iko palepale.

Jana, Magharibi ikikaribia, Shamimu alikuja kunivuta khanga.

"Dada Nasma, kuna mgeni getini."

Nilikuwa nimeshasikia harufu.

"Mwambie sipo. Anamtaka nani?"

Mtoto akanitazama, kidole mdomoni.

"Hajasema. Anasema ameshasoma karatasi."