Kikombe cha Arobaini na Moja

Kila siku saa kumi alasiri, msichana mmoja wa darasa la sita alivua sare ya shule, akaitundika, akavaa ovaroli ya mikono mirefu, akafunga nywele kwa kitambaa, akavaa barakoa na glavu, kisha akaingia katika gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Gereji hiyo haikuwa na gari. Ilikuwa na ndege.

Ilikuwa ndege ndogo ya viti viwili, na shangazi yake alikuwa akiijenga kwa mwaka wa nne sasa. Shangazi alikuwa fundi wa matangi ya maji ya faiba. Siku aliyotangaza kwamba mikono inayotengeneza tangi lisilovuja inaweza pia kutengeneza bawa, majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Bawa la kwanza lilipokamilika, waliacha kucheka na kuanza kuulizia nafasi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi: povu gumu lilikatwa kwa umbo la bawa, juu yake kikatandazwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, na kitambaa hicho kikalowanishwa kwa gundi. Gundi ilipokauka, kitambaa kiligeuka kuwa gamba gumu kuliko ubao. Aliyekata kitambaa alikuwa baba wa msichana, mshonaji wa suti, ambaye hakuweza kugusa nguo ya aina yoyote bila kuisifu au kuilaumu. Hapo mwanzo alikataa kuvaa mikono mirefu, akidai kwamba fundi cherehani haogopi kitambaa. Nyuzi za kioo zikamwingia ngozini. Alijikuna siku tatu mfululizo, hata wateja wake wakawa wanapokea nguo zao kwa ncha za vidole.

Gundi ilikuwa kazi ya msichana. Ilitokana na vimiminika viwili. Cha kwanza, resini, kilikuwa kizito kama asali. Cha pili, kigumishaji, kilikuwa chepesi na chenye harufu kali. Kila gramu mia moja za resini zilihitaji gramu ishirini na saba za kigumishaji. Kigumishaji kikipungua sana, gundi haikauki leo wala mwakani. Shangazi hakujiamini katika upimaji, kwa kuwa alizoea kumimina kwa macho. Baba naye alijaribu, lakini kila alipopima aliongeza kidogo, kama aachavyo kitambaa cha ziada kwenye mshono. Msichana hakuongeza wala hakupunguza. Kwa sababu hiyo alipewa kiti kirefu, mizani ya kielektroniki na jina jipya: Mizani.

Kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kila walipomaliza kupaka, gundi iliyobaki iliachwa katika kikombe cha plastiki, nacho kikaandikwa namba na kuwekwa rafuni. Siku ya pili kiligongwa kwa sarafu. Kikilia ti, gundi imekauka na kazi ni salama. Bawa haliwezi kupasuliwa kila siku ili lichunguzwe ndani. Kikombe ndicho shahidi wake. Rafu hiyo ilikuwa na mashahidi arobaini, wote wameandikwa kwa mwandiko wa Mizani.

Jumapili moja walikuwa wakipaka bawa dogo la mkia, lile linaloiamuru pua ya ndege ipande au ishuke. Dirishani alisimama rafiki yake Mizani, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Redio alikuwa amekwisha kuomba mara tatu apewe yeye kile kiti kirefu. Siku hiyo alileta habari ya mbuzi aliyeingia ofisini mwa mwalimu wa zamu na kulila daftari la mahudhurio, hivi kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu za shule, hakuna mwanafunzi aliyeonekana darasani tangu muhula uanze.

Mizani alikuwa amepima gramu mia mbili za resini. Kigumishaji alikuwa akikipima kwa mafungu mawili ya gramu ishirini na saba, na baada ya fungu la kwanza alipaswa kubonyeza kitufe ili mizani irudi kwenye sufuri. Alicheka habari ya mbuzi mpaka machozi yakamtoka. Alipoyafuta, mizani ilionyesha ishirini na saba. Je, lilikuwa fungu la kwanza au la pili?

Shangazi aliita kutoka mezani kwamba kitambaa kinasubiri. Mizani alijua alichopaswa kusema. Alijua pia kwamba Redio yuko dirishani, na kwamba anakitazama kiti kuliko anavyomtazama yeye. Akajiambia kwamba ni fungu la pili, akakoroga, akapeleka.

Asubuhi ya Jumatatu Shangazi alisafiri kwenda kutengeneza matangi ya hospitali fulani, na akasema kwamba atarudi Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi mkaguzi wa ndege angekuja kukagua mkia. Alipoondoka tu, Mizani alikwenda rafuni na kukigonga kikombe cha arobaini na moja. Hakikulia ti. Hakikulia kitu chochote. Sarafu ilizama, ikabaki humo, na haikutoka tena.

Jioni Shangazi alipiga simu na kuuliza kama kikombe kimelia. Mizani akajibu kwamba kimelia vizuri sana. Neno hilo "sana" ndilo lililomsumbua hadi usingizi ukampitia.

Kikombe chenyewe alikificha katika mfuko wa shule. Kikapinduka. Siku ya Jumanne mwalimu wa jiografia alipoomba daftari, alipewa daftari ambalo kurasa zake zote zilikuwa zimenatana. Alijaribu kulifungua kwa vidole, kisha kwa rula, kisha akaketi. Alisema kwamba katika miaka ishirini ya kufundisha amesikia kila aina ya udhuru, lakini hajawahi kuona mito yote ya dunia imegandishwa pamoja. Darasa zima lilicheka.

Alasiri hiyo alitengeneza kikombe kingine. Alivaa glavu, akaiweka mizani mahali palipo sawa, akapima resini kidogo, akabonyeza sufuri, akapima kigumishaji tone kwa tone huku amezuia pumzi. Kikombe hicho cha uongo kilipimwa kwa uangalifu kuliko vyote arobaini vya kweli. Jumatano kililia ti, kikaandikwa namba arobaini na moja, kikapangwa rafuni pamoja na wenzake.

Likabaki bawa. Lilinata kama karatasi ya kunasia nzi. Mizani alilitoa juani akitumaini kwamba joto litasaidia. Baada ya saa moja lilikuwa na nzi kumi na wanane, sisimizi wasiohesabika na unyoya mmoja wa kuku aliyepita kwa udadisi. Jioni nzima aliwatoa mmoja mmoja kwa kibano. Alikwenda kwa jirani mwenye saluni kuazima mashine ya kukaushia nywele, akalipulizia bawa mpaka mashine ikazimika yenyewe kwa uchovu, na bawa likazidi kunata. Mwisho aliingia chumbani mwa mama yake, akachukua poda ya mdogo wake mchanga, akaipaka juu ya bawa zima kwa pamba. Sasa ukilipitishia mkono, lilikuwa laini na kavu kama shavu. Akalifunika kwa nailoni, akashukuru.

Jumamosi mkaguzi akaja. Alikuwa mzee mrefu mwenye jozi mbili za miwani: moja ya kusomea na nyingine, kama alivyosema Baba kwa sauti ya chini, ya kutilia shaka. Shangazi alikuwa amerudi usiku akiwa hoi, na asubuhi hiyo alikuwa na nafasi ya kupiga pasi koti tu. Baba alikuwa amevaa suti. Redio alikuwa dirishani.

Mkaguzi aligonga vikombe vyote kwa zamu. Ti, ti, ti, hadi cha arobaini na moja, ambacho kililia kuliko vingine. Kisha alifunua nailoni, akalipapasa bawa la mkia. Akatazama kiganja chake. Akabadilisha miwani. Akainama, akanusa.

"Mkia huu," alisema taratibu, "unanukia mtoto aliyetoka kuogeshwa."

Baba alieleza kwamba siku hizi viwanda vinatia manukato katika kila kitu, hata katika uzi. Mkaguzi hakumtazama. Alimgeukia Shangazi na kumwuliza poda hiyo imetoka wapi.

"Sijui, mzee," alijibu Shangazi. "Wiki nzima sikuwapo. Lakini nijualo ni hili: kikombe cha bawa hilo ni kile pale, kimelia mbele yako, na kimeandikwa na huyu mtoto. Hajawahi kunipimia vibaya hata siku moja. Poda tutaifuta."

"Nani atairusha siku ya kwanza?"

"Mimi mwenyewe. Na ikishapita majaribio, kaka yangu huyu ndiye atakayekaa kiti cha pili. Amekwisha kujishonea suti ya kurukia."

Baba alisimama wima zaidi ili suti ionekane. Mkaguzi alitoa kalamu na kuufungua ukurasa. Mizani alitazama ncha ya kalamu, kisha akamtazama baba yake aliyekuwa akinyoosha kola, kisha shangazi yake, ambaye hakuwa akilitazama bawa hata kidogo, kwa kuwa aliona hakuna haja.

"Usitie saini, babu," alisema Mizani. "Kikombe hicho si cha bawa hilo. Nilikitengeneza baadaye. Kikombe chenyewe hakikukauka, na bawa nalo halikukauka. Mimi ndiye niliyelipaka poda."

Baba aliivua futi ya ushonaji shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Shangazi alikwenda kwenye bawa, akafuta poda kwa kidole gumba na kukandamiza. Kidole kiliacha alama, na gundi ikataka kubaki na kidole.

Mkaguzi aliifunga kalamu. Alisema kwamba bawa hilo ni la kutupwa, na kwamba vikombe arobaini vilivyobaki sasa havimfai.

Mizani akasema huku akilia kwamba hivyo vingine vyote ni vya kweli.

"Huenda," alijibu mkaguzi. "Lakini hata hiki kimeandikwa kwa mwandiko huohuo."

Hapo ndipo Mizani alipofahamu ukubwa wa jambo alilolifanya. Alidhani amedanganya juu ya kikombe kimoja, kumbe alikuwa ameinyang'anya rafu nzima ushahidi wake. Ilibidi kila sehemu ya ndege ikatwe kipande chembamba ukingoni, kipande kipewe namba, kipindwe, kigongwe na kuandikiwa ripoti. Likizo ilipoanza, wenzake walikwenda kucheza. Yeye alikata, akagonga na kuandika kwa majuma matatu, na Baba akakagua kila namba. Jioni aliyanakili upya masomo ya jiografia, mto baada ya mto, baada ya kwenda kwa mwalimu na kumweleza ukweli. Mama naye alidai poda yake, akapewa maelezo, akacheka peke yake jikoni, kisha akatoka akiwa amekunja uso kama impasavyo mzazi.

Kile kiti kirefu Mizani alikipeleka mwenyewe kwa Redio. Redio alitazama mizani, akatazama lile rundo la vipande na ripoti zake, akasema kwamba kumbe ameitwa nyumbani.

Vipande arobaini vyote vilionekana kuwa vizuri, na mkaguzi akakiri hivyo kwa maandishi. Siku iliyofuata walianza kulitengeneza upya bawa la mkia. Shangazi alikiweka kiti mahali pake na kumwonyesha Mizani kwa kidevu kwamba apande. Baba alikwisha kutandaza kitambaa bila kunyanzi hata moja na alikuwa akikisifu. Resini ilipimwa. Fungu la kwanza la kigumishaji likapimwa. Kisha Baba akapiga chafya iliyotikisa gereji, Mizani akashtuka, na alipotazama tena hakuwa na hakika.

"Nimepoteza hesabu," alisema.

Baba alitazama kitambaa chake, akauliza kwa upole kama haiwezekani kukisia. Shangazi alikichukua kikombe, akaimwaga gundi yote katika kopo la taka, akakirudisha kikombe kitupu.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Shangazi. "Kosa hili ndilo lilelile la siku ile, halikupungua wala halikuzidi. Leo limetupotezea kikombe kimoja cha gundi. Siku ile lilitupotezea majuma matatu, na nusura linipoteze mimi na baba yako. Tofauti si kosa. Tofauti ni muda uliopita kabla hujalisema. Sikutaka mpimaji asiyekosea, maana hayupo. Nilitaka anayesema wakati gundi bado iko kikombeni."

Mizani akaitikia kwamba amesikia. Akachukua kikombe kipya, akakiweka juu ya mizani, akabonyeza kitufe, akasubiri mpaka sufuri ikatulia, ndipo akaanza kumimina.