Dakika Tano za Kukaa

Mimi ni kinyozi. Watu wananiita Redio, kwa sababu nikishika mashine ya kunyolea, mdomo nao unawaka. Mteja akikaa kwenye kiti changu anajua habari za mtaa mzima kabla sijamaliza upande mmoja wa kichwa. Sikatai, ndivyo nilivyo.

Mke wangu ni fundi cherehani. Ameshona sare za shule, mapazia na nguo za harusi za nusu ya wanawake wa mtaa huu. Kwa miaka ishirini na tatu tulikwenda kazini pamoja kila asubuhi. Chumba chake cha kushonea kiko mlango wa tatu kutoka kwangu. Mchana alikuwa akipita, anachungulia ndani na kumwambia mteja wangu, "Pole, ndugu. Mimi hulala naye nyumba moja." Watu wanacheka, naye anaenda zake.

Siku moja aliinua robota la vitambaa, akasikia mgongo umekatika. Haukukatika, lakini hivyo ndivyo alivyosikia. Tulidhani ni mambo ya wiki moja. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na mwaka wa pili ukaanza. Hospitalini walimpiga picha. Daktari akasema mifupa iko salama, hakuna uvimbe, hakuna kilichovunjika. Ungedhani tulifurahi. Mke wangu alirudi nyumbani akalia. Alisema kama hawaoni kitu, basi ni kitu kibaya sana kilichojificha.

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu. Maumivu yalikuwa mgongoni, lakini hofu ilikuwa kila mahali. Akisimama kwenye foleni dukani, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, pumzi inambana, anaona anakufa palepale. Akaacha kwenda dukani. Akaacha kwenda kazini. Usingizi nao ukampaa. Watoto wetu ni watu wazima, wana nyumba zao, kwa hiyo mchana kutwa alilala peke yake akitazama dari. Jioni nilimkuta palepale nilipomwacha.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomuuma kuliko mgongo. Mama yake anaishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Ni mzee, na macho yake yalikuwa yakififia. Alipiga simu kila Jumapili. Hakumlaumu bintiye hata siku moja. Alimwambia tu, "Mwanangu, njoo nikuone wakati bado ninaona."

Mke wangu alijibu kwamba atakuja mwezi ujao. Alijibu hivyo mwaka mzima. Hakuweza kukaa kitini dakika kumi, sembuse saa sita. Akikata simu aligeukia ukutani, na mimi, Redio mzima, nilikosa la kusema.

Sasa nikuambie kosa langu. Kwenye kiti changu kila mteja ni daktari. Mmoja alisema ni figo. Mwingine akasema ni baridi ya sakafu. Wa tatu akaapa ni gesi. Na mimi, kwa kuwa nilimwambia kila mtu, kila mtu alinijibu, na kila jibu nililipeleka nyumbani. Nilimnunulia dawa tatu za maumivu kwa maneno ya watu watatu. Tumbo likaanza kumwaka moto. Mmoja akasema asiiname, nikamnyang'anya ufagio. Mwingine akasema asikae, nikaifunika cherehani na kufunga chumba chake kwa kufuli. Mwingine akasema asinyanyue kitu, nikawa namshikia hata birika. Na kila jioni, kabla sijavua viatu, nilisimama mlangoni nikauliza, "Leo unaumwa vipi?"

Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Siku moja nilipompokonya kikombe alichotaka kukiosha, alinitazama, akasema, "Hivi mimi bado nipo humu ndani?" Nilicheka, nikidhani ananitania kama zamani. Sasa najua hakuwa akitania.

Nilikuwa na mteja mmoja niliyemwita Bwana Kimya. Alikuja kila baada ya wiki mbili. Anakaa, anafumba macho, ananyolewa, analipa, anaondoka. Kazi yake sikuijua, maana hakuwahi kupata nafasi ya kuniambia. Alhamisi moja nilikuwa nikimsimulia habari za mgongo wa mke wangu, na jinsi mteja wa asubuhi alivyonishauri nimlaze juu ya mbao tupu. Bwana Kimya akafumbua macho.

"Bwana kinyozi," akasema, "mimi kazi yangu ni migongo."

Nikazima mashine. Kumbe yeye ni mtaalamu wa viungo pale hospitalini, mmoja wa wale wanaotibu kwa mazoezi. Nikamwomba aniambie dawa hapohapo. Akakataa. Alisema hajamwona mgonjwa, na akitoa ushauri kutoka kwenye kiti changu atakuwa sawa na hao wengine. Akaniambia nimlete Jumanne. Nilimalizia kichwa chake bila neno, na sikumbuki mara nyingine niliyowahi kufanya hivyo.

Jumanne tulikwenda mwendo wa pole, tukisimama kila baada ya nyumba mbili tatu. Bwana Kimya alisoma vyeti vyote vya hospitali vya mke wangu. Alimpima nguvu za miguu, akamgongagonga magoti. Akamuuliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unamponyoka, kama ana homa, kama amekonda bila sababu. Mke wangu alijibu hapana kwa yote. Bwana Kimya akamwambia kwamba siku akiona lolote kati ya hayo, asingoje kesho, aje hospitali siku hiyohiyo.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kumjibia. Bwana Kimya akaniambia kwa upole, "Bwana kinyozi, leo kiti ni cha mama." Nikanywea.

Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mama, unataka nini?"

Nilijua atasema anataka maumivu yaishe. Mke wangu akatazama mikono yake.

"Nataka kukaa kwenye basi saa sita," akasema. "Nataka mama yangu anione."

Akalia. Nami nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Bwana Kimya alingoja. Halafu akaeleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Maumivu yako ni ya kweli," alimwambia. "Hujayatunga. Ulipoumia, mwili ulipiga kelele ili ujilinde. Nyama zilishapona zamani, lakini mwili umezoea kupiga kelele. Sasa unapiga hata kwa jambo dogo. Ukiogopa, unajikaza. Ukijikaza, unaumia zaidi. Ukiumia zaidi, unaogopa zaidi."

"Kwa hiyo nikisikia maumivu, si kwamba mgongo unaharibika?"

"Hapana. Mgongo wako una nguvu. Umelazwa tu muda mrefu mno."

Mke wangu alimwomba arudie. Akarudia.

"Nitapona lini?"

"Sitakudanganya, mama. Huenda maumivu mengine yakabaki. Lakini usingoje yaishe ndipo uanze kuishi."

Akampa kazi. Akae kitini dakika tano kwa saa ya ukutani, kisha ainuke atembee kidogo, awe anaumwa au haumwi. Afanye hivyo mara kadhaa kwa siku. Akizoea, aongeze dakika moja au mbili. Siku nzuri asizidishe. Siku mbaya apunguze, lakini asiache. Asubuhi aamke saa ileile kila siku, na mchana asishinde kitandani. Moyo ukimwenda mbio, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita.

Kwa hofu yenyewe, alimpeleka chumba cha pili kwa mama mmoja mshauri, wawe wanazungumza kila wiki. Na dawa zangu tulizipeleka kwa daktari. Daktari akakuta mbili kati ya zile tatu ni dawa moja, imebadilishwa boksi tu. Alizisimamisha, akashughulikia na lile tumbo. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipokuwa tunatoka, Bwana Kimya akanishika bega. "Na wewe usimpokee kwa kumuuliza maumivu. Kila ukiuliza, anayatafuta ili akujibu. Muulize amefanya nini leo. Na umrudishie ufagio wake."

Iliniuma. Mtu umejitoa miaka miwili, halafu unaambiwa rudisha ufagio. Lakini jioni ile nilifika mlangoni, swali likiwa limenijaa mdomoni, nikalimeza. Nikauliza amefanya nini. Akasema amekaa dakika tano mara nne, na ya nne ilikuwa ndefu kama mwaka.

Ndivyo tulivyoanza. Tano ikawa saba, saba ikawa kumi na mbili. Nikafungua lile kufuli. Siku ya kwanza alishona pindo la foronya moja tu, akafunga, akarudi nyumbani akitabasamu. Nilisikia wivu, maana foronya ilipata kile ambacho mimi sikukipata kwa miaka miwili.

Kisha akaanza kutembea hadi kituo cha basi na kurudi. Halafu akapanda basi kituo kimoja, akashuka, akarudi kwa miguu. Mara ya kwanza moyo ulimwenda mbio humo ndani, akataka kupiga kelele ashushwe. Mama mshauri alikuwa amemwambia kwamba hofu hupanda, na usipoikimbia hushuka yenyewe. Akahesabu nne, akahesabu sita. Ikashuka. Aliniambia habari hiyo mara tatu usiku uleule, na mimi nikamwacha aongee.

Mwezi wa tatu tangu tuanze, mama yake alipiga simu. Alisema siku hizi hatofautishi dirisha na ukuta. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetoa habari za mvua. Mke wangu hakulala. Asubuhi aliamka anajisikia vizuri, akaona huu si wakati wa kuhesabu dakika. Akapanda basi hadi mwisho wa njia na kurudi, karibu saa mbili. Akafua nguo zote. Akadeki nyumba nzima.

Kesho yake hakuweza kuinuka. Siku nne alilala ametazama ukuta, na hofu ikarudi na mizigo yake yote. Alisema amejirudisha mwanzo, na kwamba macho ya mama yake hayatamngoja. Siku ya tano nilimbembeleza twende kwa Bwana Kimya.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Mama, tulipoanza hukuweza dakika kumi. Leo ni siku yako mbaya kuliko zote, na umekaa hapo mbele yangu dakika ishirini. Hujarudi mwanzo. Ulikwenda mbio mno tu."

Mke wangu aligeuka kuitazama saa ile kwa muda mrefu. Akaanza tena, kwa nusu ya pale alipokuwa amefika. Safari hii siku nzuri zilipokuja hakuzifuja. Nilimwona akiacha ndoo ya nguo nusu, saa ikimwambia inatosha, nguo nyingine zikingoja kesho. Kwa fundi asiyependa kazi nusu, jambo hilo ni gumu kuliko unavyofikiri.

Mwezi wa nane wa mazoezi alikata tiketi. Alichagua basi linalosimama mara mbili njiani, na kiti cha upande wa njia ya katikati ya basi ili aweze kuinuka. Nilianza kupanga nguo zangu. Akaniambia nizirudishe kabatini.

"Ukija utaniuliza," akasema.

"Sitauliza."

"Utauliza kwa macho."

Nikazirudisha kabatini. Nilimsindikiza kituoni, akapanda akiwa na mkoba wake mwenyewe. Basi likaondoka. Siku ile nilinyoa watu tisa, na wote walilalamika kwamba Redio imeharibika. Kila nilipotazama saa nilijua yuko wapi. Nilijua pia kwamba mama yake, tangu mwezi uliopita, haoni tena hata mwanga. Hilo tulilijua sote wawili wakati anakata tiketi, na hakuna aliyelitamka.

Simu iliita jua linazama. Swali la zamani lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

Nikasikia anapumua, nne, kisha sita.

"Hakuniona," akasema. "Nimechelewa. Haoni kabisa, kama tulivyojua." Sauti ikamkatika, akaipata tena. "Alinishika uso. Akashuka mabegani, akashuka mpaka mgongoni, akaniuliza ni hapa? Nikamwambia ni hapo. Ameuweka mkono wake hapo mpaka sasa. Nimemwambia aniachie nikupigie simu, amekataa kuutoa."

Nilimwambia asikate. Tukakaa hivyo, watatu, simu ikiwa wazi. Kisha akasema atabaki huko wiki mbili, maana kuna nguo za mama za kurekebisha na atazishona kidogokidogo. Nikamwambia sawa, akae hata tatu.

Simu ilipokatika nilibaki peke yangu sebuleni. Miaka miwili nilikuwa na hamu na mke wangu, naye yuko chumba cha pili. Jioni ile nilikuwa na hamu naye kwa sababu amesafiri, kama mume mwingine yeyote.