Goti la Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Suzuna alichuchumaa kando ya barabara ipitayo kati ya mashamba ya mpunga, akitazama magoti ya baba yake. Baba, Tetsuro Kitade, alishindana katika kutembea kwa kasi. Katika mchezo huo, mguu ukikanyaga, goti lazima liwe limenyooka. Mwenyewe hakuweza kujiona, hivyo alimtegemea binti yake.

"Goti?" aliuliza kila alipopita.

"Limenyooka, Baba!"

Kwa miaka mitatu jibu hilo lilikuwa kweli. Majira haya ya baridi lilikuwa uongo. Goti la kulia lilikunjika kidogo kila alipokanyaga, na Suzuna aliliona. Lakini Baba alikuwa na miaka thelathini na saba, na kampuni iliyomwajiri kama mwanamichezo ilikuwa imeshasema: asipoingia timu ya taifa msimu huu, basi tena. Angemwambiaje?

Siku ya mashindano theluji nyepesi ilidondoka. Suzuna alisimama kwenye meza ya vinywaji, ameshika chupa ya Baba.

"Baba yako anatembea kama bata aliyechelewa shule!" Kotaro wa darasani kwao alimtania.

"Bata huyohuyo atakuacha hata ukikimbia, we!"

Walicheka. Kisha kwenye ubao wa makosa, mbele ya namba ya Baba, ikabandikwa alama nyekundu ya goti lililokunjika. Baadaye ya pili. Kicheko kilimkauka Suzuna. Ilipobandikwa ya tatu, zikiwa zimebaki kilomita sita, mwamuzi mkuu alimwonyesha Baba kibao chekundu. Ametolewa.

Baba alitoka pembeni, akageuka, akaiinamia barabara kwa heshima kama alivyozoea kila amalizapo. Safari hii alichelewa kuinuka.

Nyumbani aliviosha viatu vyake, akavifungia kwenye boksi. Suzuna alishindwa kuumeza wali wake.

"Baba," alisema, machozi yakimtoka, "nililiona goti lako. Tangu Desemba. Nilikudanganya."

Baba aliweka bakuli lake chini.

"Lilikuwa likiniuma," alisema. "Uliposema limenyooka, nilijiambia ni uchovu tu. Ningejua, ningekwenda kwa daktari mapema."

Suzuna alitamani ardhi immeze.

Timu ya taifa ilitajwa bila jina la Baba. Kampuni ikampeleka kufanya kazi bohari. Daktari akampa mazoezi mepesi, bila kumwahidi chochote.

Majira ya kupanda mpunga, maji yalipojazwa mashambani, Baba alilifungua boksi. "Njoo ukae mahali pako," alisema.

Alipita polepole. "Goti?"

Suzuna aliliangalia vizuri. "Limekunjika, Baba."

Baba alisimama, akachuchumaa karibu naye.

"Asante. Kunihurumia hukukosea, mwanangu. Lakini anayekutegemea mwambie ukweli mapema, angali anaweza kujisaidia. Kwa leo basi. Twende nyumbani."

Suzuna alimpa bega, wakarudi, Baba akichechemea.