Kengele Bila Miadi

Mvua ndiyo iliyomwingiza bila hodi. Jumamosi hiyo soko la vitambaa la Utrecht lilikuwa limefurika, na Roelien Dekkers alikuwa akikata kitani kwenye kibanda cha baba yake pale mwanamume mrefu mwenye koti la rangi ya haradali aliporuka chini ya turubai lao, maji yakimchuruzika kutoka nyweleni hadi kwenye jora la mahameli.

"We bwana, hilo unalolilowesha ushalinunua!" Roelien alimwambia.

"Kama linafaa pazia, nalichukua," mgeni alijibu kwa Kiholanzi kinachokwaruza kama kiatu kipya. "Naitwa Duarte, Mreno. Nimepanga chumba cha chini kando ya barabara. Kila apitaye ananitazama nikila."

"Kwani una nini cha kuficha?"

"Tumbo."

Roelien aliangua kicheko. Baba yake, mzee Gerlof, alidakia kutoka nyuma ya majora: "Ukifunga pazia mchana, majirani watasema unazika mtu humo!"

Duarte alishindwa kuchagua kati ya kijani kilichopoa na rangi ya machungwa iliyowaka. Mzee akamtupia msemo ambao watu wa pale huutupa kama salamu. "Asiyethubutu hashindi, kijana."

Duarte aliomba aurudie. Akaujaribu mwenyewe, ulimi ukakwama, akaujaribu tena, ukanyooka: "Wie niet waagt, die niet wint." Kisha akamgeukia Roelien.

"Basi nipe ya machungwa. Na kwa kuwa nishaanza kuthubutu, leo jioni tunywe kahawa?"

Roelien alitoa kijitabu chake cha miadi mfukoni, akafunua kurasa. "Leo haiwezekani. Nina nafasi Jumatano, wiki ya tatu kuanzia sasa."

Duarte alicheka sana. Alidhani ni utani.

Walipendana hata hivyo. Duarte alitengeneza baiskeli karibu na stesheni, na kila mteja alikuwa mwalimu wake. Alikosea maneno mbele za watu, akasahihishwa, akacheka, akarudia. Roelien, ambaye tangu shuleni hakuwahi kunyoosha mkono bila kuwa na hakika ya jibu, alimtazama kama mtu atazamaye mwenzake akitembea juu ya kamba.

Jumatatu moja jioni simu ililia.

"Uko wapi, moyo wangu? Nimepika wali wa pweza. Bado unafuka moshi. Njoo!"

"Leo? Si tulipanga Ijumaa?"

"Pweza hajui Ijumaa."

"Duarte, mpenzi, Jumatatu ni siku yangu ya kufua."

Sauti ya Duarte ikawa ndogo. "Haya. Niandike basi humo kitabuni, kati ya nguo chafu na daktari wa meno." Akakata simu.

Ijumaa ilifika, Duarte hakufika. Roelien alipiga simu, haikupokewa. Alilia kwa hasira ya mtu aliyeonewa: kwake yeye, kumwandikia mtu jioni yako kwa wino ni kumkatia kipande cha maisha. Hakujua kwamba kwa Duarte kipande hicho kilifanana na foleni.

"Mwendee," mzee Gerlof alimwambia sokoni.

"Bila miadi, Baba? Kama anakula je? Kama ana wageni?"

"Kama, kama! Msemo wetu tunawauzia wateja kila siku, wenyewe hatuuvai."

Roelien alikata mita tatu za hariri. Jioni alivaa gauni lake la sufi la kijani alilolishona mwenyewe, akapanda baiskeli. Alishuka mbele ya pazia la rangi ya machungwa. Maisha yake yote hakuwahi kubonyeza kengele ya mtu asiyemtarajia, hata ya shangazi yake. Akabonyeza.

Duarte alifungua, mwiko mkononi, uso umekunjwa. "Una miadi?"

"Sina."

"Unajua saa hizi watu wanakula?"

"Najua, ndiyo maana nusura nigeuke pale konani." Akavuta pumzi. "Duarte, kwetu kumpa mtu siku ndiko kumpenda. Sikujua nilikuwa nakupanga foleni."

Mwiko ulishuka taratibu. "Na mimi nilidhani apendaye hana haja ya kalenda. Sikuuliza, nikanuna tu. Ingia, unaniingizia baridi."

Walikula viazi kutoka sufuria moja. Katikati ya kula Duarte akasema, "Mama yangu atapita hapa Jumapili ijayo, akienda kwa dada yangu Denmark. Saa chache tu. Nataka akuone. Saa sita mchana. Hiyo iandike!"

"Siandiki. Naahidi."

Wiki hiyo upepo ukageuka ukatoka mashariki na baridi kali. Mifereji ikaganda, maziwa ya nje ya mji yakaganda, na mji mzima ukaingiwa na wazimu wa kuteleza juu ya barafu. Jumapili asubuhi dada yake Roelien, Annelot, alipiga simu akihema.

"Roelien! Wamefungua njia ya maziwani! Lete viatu vyako vya kutelezea! Tumeisubiri miaka mingapi? Kesho mvua itaiyeyusha!"

"Nina miadi."

"Leo hakuna mwenye miadi! Hata mchungaji kafupisha ibada!"

"Mama yake Duarte anakuja."

"Mwambie ni barafu, ataelewa."

"Mreno, aelewe barafu?"

Annelot alicheka, kisha akanyamaza. "Utajuta, dadangu."

"Najua."

Barabarani Roelien aliendesha baiskeli peke yake dhidi ya umati, kila mtu na viatu vya chuma begani. Juu ya daraja alisimama. Chini yake vyuma viliimba juu ya barafu, wazee wakiteleza kama vijana, na magoti yake yaliujua mdundo ule. Alitazama mpaka macho yakamlowa. Kisha akakanyaga pedali.

Mama yake Duarte alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti jeusi na mikono yenye joto. Alimbusu Roelien mashavu yote mawili, akauliza jambo.

"Anauliza hizo kelele za furaha nje ni za nini," Duarte alifasiri.

"Mwambie ni barafu."

Duarte alimtazama, akaelewa, akasahau kufasiri. "Na wewe hukwenda?"

"Nilikuahidi saa sita."

Nje ya dirisha tone la kwanza lilidondoka kutoka ukingo wa paa, likafuatwa na jingine. Roelien aliyaona, akajua barafu imeanza kuyeyuka. Akavuta kiti karibu na mama, akanyoosha sahani yake apakuliwe.