Isale Langoni kwa Agnela

Mwanamume aliyeinamia meza ya Evaresta pale Soko Kuu hakununua, alinusa. Aliokota nyanya moja, akainusa kwenye kikonyo, akauliza, "Hizi kalima nani?"

"Mkulima," Evaresta akajibu, huku akifunga upya kilemba chake cha kitenge cha manjano.

"Na dawa kapiga lini mara ya mwisho?"

Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Evaresta akashika kiuno. "Kaka, unanunua nyanya au unaposa?"

Meza za jirani zikaangua kicheko. Yule kaka, mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Aliitwa Solomoni, Mwarusha wa Kisongo. Alinunua kilo nne, Jumamosi iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena. Masika yanaisha walikuwa wapenzi, na sokoni hapakuwa na asiyejua.

Upishi Solomoni alifundishwa na bibi mmoja wa Kigiriki mwenye shamba la kahawa chini ya Mlima Meru, na bibi huyo alikuwa na sheria moja: usimlishe mtu kitu usichojua kimetoka mikononi mwa nani. Mwaka huo wa tisini na nne maduka ya Arusha yalifurika makopo ya kila nchi, na kila hoteli mpya ilijisifu kwa makopo yake. Mzee Gidion, mwenye nyumba ya wageni kule Themi, alikuwa anatafuta mpishi. Solomoni akamwahidi chakula cha Kigiriki bila kopo hata moja, kwa bei ambayo hata mwalimu angeimudu: mabilinganya na nyama ya kusaga ya kondoo wa zizi la mjomba wake, mtindi uliochujwa kwa kitambaa, matango na jibini ya mbuzi, na mafuta ya alizeti badala ya zeituni. Mtihani ulipangwa Jumamosi jioni.

"Nikipata lile jiko, Eva, wiki hiyohiyo nakwenda kwa baba yako Machame."

"Mabilinganya niachie mimi. Namjua Aika wa Tengeru, hapigi dawa karibu na kuvuna."

Alhamisi Evaresta akayafuata Tengeru. Wakati wa kurudi akashukia Kimandolu kununua mkaa, na hapo ndipo macho yalipomponza. Solomoni wake alikuwa amesimama kwenye lango la Agnela, yule mjane kijana mfuga mbuzi wa maziwa, gauni limembana kila mahali panapobanika. Solomoni alikuwa anamkabidhi kifurushi cha jani la mgomba, kimefungwa kwa jani la isale. Agnela akakipokea kwa mikono miwili, akacheka, akampiga kofi la bega.

Isale! Kwa Wachaga, kina Evaresta, jani hilo si kamba. Aliyekukosea akikuletea isale anakuomba msamaha, na kulikataa ni mwiko. Sasa niambieni, mwanamume anamwomba msamaha mwanamke mzuri namna ile kwa kosa gani? Evaresta alikuwa na jibu kabla hajafika mjini. Usiku hakula kwa wivu.

Ijumaa asubuhi akapiga simu Themi, Solomoni alikokuwa ameanza maandalizi, kutoka duka la jirani, angalau aisikie sauti yake. Ikaitikia sauti ya kike, tamu. "Haloo? Solomoni mikono imejaa unga. Mimi Agnela, nimuachie ujumbe gani?"

Akabamiza simu. Baada ya dakika kumi Solomoni akapiga palepale dukani, alikozoea kumpata.

"Mpenzi, mbona umekata? Mabilinganya yangu vipi?"

"Kaulize Kimandolu."

"Kimandolu kuna jibini, hakuna mabilinganya."

"Basi kapeleke isale lingine!"

"Isale ndiyo nini? Eva? Eva!"

Alishakata. Akarudi mezani, akayauza mabilinganya yote kwa mama lishe mmoja, huku machozi yanamtoka.

Jumamosi saa nne Agnela akaja mwenyewe sokoni. "Mdogo wangu, yule mtu wako analia jikoni kama mtoto. Umemfanya nini?"

"Nimfanye nini mimi? Wewe uliyeletewa isale!"

Agnela akacheka mpaka akashika meza. "Lile jani? Aliniletea kabichi zilizojazwa nyama nionje, shukrani ya jibini. Kamba hakuwa nayo, akachuma jani kwenye ua wangu! Nikamuuliza, umenikosea nini? Ananitolea macho tu. Mtoto wa Kisongo atalijulia wapi isale? Na jana nilipeleka jibini, nikapokea simu, basi."

Evaresta akapiga hesabu. Alikuwa ameuza jiko la mwenzake, posa yake mwenyewe, kwa bei ya mabilinganya.

Alikodi gari la mizigo mpaka Tengeru na kurudi. Saa tisa alikuwa kwenye mlango wa jiko la Themi, kiroba cha mabilinganya kichwani, sketi ya buluu imejaa vumbi. Solomoni alikuwa anamenya viazi, hakugeuka.

"Umekuja kununua au kuuza?"

"Solo, nilikuona ukimpa isale, nikaungua. Nilikuonea wivu, nikakuharibia kwa makusudi." Akamnyooshea jani moja la kijani. "Hili nimelichuma nikijua maana yake."

Solomoni akageuka, akaliona jani. Agnela alishamfundisha maana yake. "Lakini mimi si Mchaga, Eva. Naweza kulikataa."

"Unaweza," Evaresta akasema kwa sauti ndogo.

Solomoni akafuta mikono, akalichukua, akalichomeka kwenye mfuko wa shati. "Kata mabilinganya. Membamba!"

Jioni ile Mzee Gidion alikula sahani mbili, akauliza nyanya zimetoka kwa nani. Solomoni akamtajia jina la mkulima, la mwenye kondoo, la mwenye jibini. Mzee akampa funguo za jiko.

Jumatatu Solomoni akasimama tena mbele ya meza ya Evaresta, shati limenyooshwa, jani lililonyauka bado mfukoni.

"Leo hunusi nyanya?"

"Leo naposa."

Soko likapiga vigelegele. Evaresta akajifunika uso kwa khanga, kisha akachungulia. "Na mshenga wako nani?"

Nyuma ya Solomoni akatokea Agnela, gauni lilelile la kubana, kashika kibuyu cha maziwa.

Wivu ukampanda Evaresta tena, jamani. Akaumeza, akasogeza kigoda. "Karibu, dada. Kaa huku, upande wangu."